Nani Aanze Kuamkia: Mratibu Maganga mbele ya Chumba Kilichofungwa

Ruta ya Mwabuhima imekwisha kutambuana na majirani zake wawili, wa Bariadi na wa Nyalikungu, na kwa sababu hiyo chumba ilimowekwa hakiwezi kufunguliwa kwa sasa. Hayo yalisemwa Ijumaa na Ndugu Constantine Maganga, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Ujirani wa Mitambo, alipohutubia wanakijiji mbele ya zahanati ya Mwabuhima, kata ya Ipililo, wilayani Maswa. Chumba hicho kilikuwa cha kujifungulia. Tangu mradi ulipokichukua mwaka 2001, akina mama wa kijiji wamekuwa wakijifungulia koridoni, nyuma ya pazia. Hotuba inafuata kama ilivyotolewa.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Masele. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, iwapo amefika. Waheshimiwa wajumbe wa kamati ya mapokezi, na wajumbe wa kamati ndogo ya kuipokea kamati ya mapokezi. Ndugu wachungaji na makatekista. Walimu wakuu na walimu wengineo. Ndugu wafanyabiashara wa Nyalikungu mliofunga maduka yenu kwa hiari baada ya kuagizwa. Wawekezaji wa ndani, wawekezaji wa nje na wawekezaji ambao bado wanatafakari. Mabibi na mabwana. Bhabha na mayu: mwangaluka! (Mwanamke: "Hiyo ya asubuhi, mheshimiwa! Sasa ni saa tisa, sema mwadila!" Kicheko.) Nashukuru kwa mapokezi hayo mazuri. Asubuhi ninayoisema mimi ni asubuhi ya maendeleo, ambayo kwa kweli ndiyo kwanza inaanza.

Ndugu wananchi, tuko katika enzi ya soko huria na utandawazi, enzi ambayo hata pamba yenu, iliyokuwa na mnunuzi mmoja, leo ina wanunuzi wanaogombana barabarani, na kwa mantiki hiyohiyo ofisi yangu iliona kuwa haiwezekani, haikubaliki na wala haivumiliki kuona taarifa inasafiri kutoka Bariadi hadi hapa kwa baiskeli, ndipo tukaanzisha mchakato shirikishi wa connectivity, ambao mimi, bila kujisifu, nimeuongoza, nimeusimamia na nimeuelewa. (Makofi ya watu waliokaa meza kuu.)

Sasa nisikilizeni, maana kuna watu wanapita wakisema Maganga amefunga chumba bure. Ruta ni mtambo unaosimama kwenye njia panda za mawasiliano na kuamua ujumbe huu uende huku na ule uende kule. Lakini ruta haiwezi kuamua kitu kama haiwajui majirani zake. Kwa hiyo inatoa salamu. Kila baada ya sekunde kumi inatuma kijipakiti kinachoitwa haloo, kikisema: mimi ni fulani, niko hapa, na majirani niliokwisha kuwasikia ni hawa na hawa. Jirani akiipata salamu hiyo, bado hajawa jirani kamili. Ameisikia tu. Mpaka yeye naye atume salamu yake, na ndani ya salamu hiyo ruta ya kwanza ikute jina lake yenyewe limetajwa, hapo ndipo inajua: kumbe huyu ananisikia kama ninavyomsikia. Hiyo inaitwa mawasiliano ya pande mbili, na ndiyo hatua ambayo ruta yenu imefikia, kwa asilimia tisini na saba. (Mzee mmoja: "Hizo tatu zimebaki wapi?") Hizo tatu ziko kwenye bajeti.

(Hapa muuguzi mkunga wa zahanati, Bi. Milembe Mboje, alisimama pembeni mwa benchi alipokaa mjamzito, Nyanjige, mke wa Yakobo. Alisema: "Mratibu, mimi sina ugomvi na salamu. Huyu mama uchungu umeshaanza tangu umeshika kipaza sauti. Naomba ufunguo.")

Sista, nakushukuru sana kwa mchango wako, ambao nimeupokea na utafanyiwa kazi. Lakini nikuulize swali la kitaalamu: je, unajua kinachotokea ruta isiposikia salamu ya jirani yake kwa sekunde arobaini? (Milembe: "Sijui, na mtoto naye hajui.") Inamtangaza jirani huyo kuwa amekufa! Ndiyo, marehemu! Inamfuta kwenye orodha ya majirani, inawatangazia wengine wote msiba huo, na kila mmoja anaanza upya kuchora ramani ya njia zake. Sasa wewe ufungue mlango, upitishe kitanda, upitishe ndoo za maji, ugonge waya, salamu ikatike, utakuwa umeua Bariadi na Nyalikungu kwa mpigo mmoja. Uko tayari kubeba msiba huo? (Milembe: "Mimi nabeba wazima, baba. Ufunguo." Makofi ya akina mama.)

Tulieni, nimekuja kuelimisha. Si kila mashine jirani inakubaliwa kuwa jirani. Kuna masharti, kama mnavyojua wenyewe mkioana. Zote mbili ziwe katika eneo moja la mtandao. Zikubaliane kusalimiana kila baada ya muda uleule, maana ruta ya kila sekunde kumi haiwezi kuelewana na ruta ya kila sekunde thelathini, kila moja itaiona nyingine haina adabu. Zikubaliane pia ni baada ya kimya cha muda gani mtu atangazwe kufa. Na kama kuna neno la siri, liwe moja. Likitofautiana hata herufi, salamu inatupwa na jirani wala hajibiwi. Tulipofanya feasibility study, iliyochukua semina elekezi nne pamoja na chakula cha mchana, tuligundua kwamba wananchi wa hapa asilimia themanini na nane wako tayari kwa masharti haya. (Yakobo, mume wa Nyanjige: "Mimi mliniuliza lini?") Wewe ni ile kumi na mbili. (Kicheko kirefu, hata meza kuu.)

Baada ya salamu ya pande mbili, inakuja hatua ya kubadilishana kumbukumbu. Ruta hazisimuliani uvumi, ndugu zangu. Ruta moja haiiambii nyingine, "Nasikia njia ya Kiloleli ni fupi." Kila moja inasema tu kile inachokijua yenyewe: mimi nimepakana na huyu, njia yangu kwake iko hivi. Kwanza wanaamua nani aongoze mazungumzo, halafu kila mmoja anamwonyesha mwenzake vichwa vya habari alivyo navyo, mwenzake anasema hiki ninacho, hiki sina, nipe. Anapewa, anasema nimepokea. Wakimaliza, wote wana ramani ileile moja, neno kwa neno, na kila mmoja anajitafutia mwenyewe njia fupi kutoka pale aliposimama. Hapo ndipo tunasema ujirani umekamilika. Ningependa wadau wa Mwabuhima muige mfano huo, badala ya kusambaza maneno kuhusu chumba. (Sauti kutoka nyuma: "Tuige mashine tusiyoiona?")

Mtaiona! Na kama hamjaiona, mmeisikia. Mnaopita hapa jioni mmesikia sauti nyembambanyembamba ikitoka chumbani, kriii, kriii. Hizo ndizo salamu. (Kijana: "Hao ni popo, mheshimiwa!" Kicheko. Mlinzi wa chumba, Salu, aliyekaa mlangoni, aliangalia miguu yake.) Popo hawaendi kwa sekunde kumi kumi, kijana. Tuheshimu sayansi.

(Nyanjige alishika ukingo wa benchi na kufumba macho. Milembe alimwambia, "Pumua, mayu, taratibu, huyu anakaribia kumaliza." Nyanjige akajibu, "Na mimi pia." Waliokuwa karibu walicheka.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona umeinua mkono. (Mzee Masele: "Swali dogo tu, ngosha. Ruta ya hapa ni mtoto. Ya Bariadi na ya Nyalikungu, ipi mkubwa? Ni nani anaanza kumwamkia mwenzake?" Minong'ono ya kukubali.) Asante, Mzee wangu, hilo ni swali la mtu mzima, na ndilo lililotuumiza vichwa. Mtambo wenyewe, kama ulivyobuniwa huko ng'ambo, hauna adabu. Ruta zote zinatoa haloo bila kungojana, mkubwa kwa mdogo, mdogo kwa mkubwa, kila mmoja anajipayukia hewani na wala hajali nani kazaliwa lini. (Wazee: "Aa-aa!") Ndivyo nilivyosema na mimi: aa-aa! Wasukuma hatuwezi kuletewa mtambo ambao mkwe anamwamkia mkwe bila kujali nafasi yake. Nikaunda Kamati ya Itifaki ya Salamu, ambayo mimi ni mwenyekiti wake, nayo ikaazimia kwamba ruta mdogo ndiye aanze, na mkubwa asifungue kinywa mpaka aamkiwe.

Azimio hilo lilipigiwa makofi. Lakini wajumbe wa Bariadi wakasema Bariadi ndiko mambo yaliko, kwa hiyo ruta yao ni mkubwa, ingoje kuamkiwa. Wajumbe wa Nyalikungu, hapo makao makuu ya wilaya, wakasema Maswa ndiyo mama na Bariadi ni mtoto aliyehama nyumbani, kwa hiyo yao nayo ingoje. Tukasema basi, ya Mwabuhima ni mdogo kuliko zote, ianze yenyewe. Wakauliza: ianze kumwamkia nani? Ikianza na Bariadi, Nyalikungu itanuna. Ikianza na Nyalikungu, Bariadi itasusa kikao. Mpaka hivi ninavyosimama hapa, kamati imekutana kwa vikao vya kawaida, vya dharura na vya maridhiano, na imekula mbuzi wa kutosha, na suala hilo linaendelea vizuri sana. (Milembe: "Kumbe! Kama hakuna aliyeanza kuamkia, hizo asilimia tisini na saba zimetoka wapi?") Sista, usichanganye utekelezaji na mafanikio. Hivyo ni vitu viwili.

Kwa kuwa muda umekwenda, naomba tuseme kwa pamoja. Ujirani wa mitambo! (Watu wachache: "Oyee!") Haloo ya pande mbili! ("Oyee.") Ramani moja, maendeleo mamoja! (Sauti moja, ya katekista.) Soko huria, salamu huria! (Hakuna aliyejibu. Nyanjige alikuwa amesimama, amemshika Milembe mabegani.)

Nimalizie kwa shukrani, maana asiyeshukuru huonekana hakulelewa. Nawashukuru wananchi wa Mwabuhima kwa kutoa chumba kwa moyo mkunjufu kabla hata hatujakiomba. Nakishukuru chama cha wazee kwa ushauri wa kimila. Namshukuru kwa namna ya pekee mfanyabiashara wetu wa Mwanza, ambaye kwa uvumilivu mkubwa ametuelewa tulipomweleza kuwa hatuwezi kumwagiza alete ruta hata moja, iwe ya Bariadi, ya Nyalikungu au ya hapa, kabla kamati haijakubaliana ipi itaanza kuamkia, kwa sababu mitambo ikifika bila itifaki italeta fujo. Na mwisho kabisa nimshukuru ndugu yetu Salu, mlinzi mwaminifu, aliyekilinda chumba hiki usiku na mchana, mvua na jua, bila kupotea hata kitu kimoja, ingawa, tuseme ukweli mbele ya Mungu, humo ndani hakukuwa na kitu cha kupotea. Wabeja sana. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Hakukuwa na makofi. Mzee Masele aliuliza, "Umesema hakuna kitu?" Mratibu alijibu, "Kwa sasa, Mzee. Kwa sasa." Milembe hakuuliza. Alimgeukia mlinzi akamwambia, "Salu, mwanangu, umesikia bosi wako." Salu alitoa ufunguo mfukoni, akafungua. Ndani kulikuwa na kitanda cha kujifungulia kimesimamishwa ubavu ukutani, kinyesi cha popo sakafuni, na popo wenyewe juu ya boriti. Wanawake waliingia na mifagio na ndoo. Mratibu Maganga aliomba watu wakae kwa picha ya pamoja. Aliyebaki kwenye kiti ni katekista.)

Nyanjige alijifungua mtoto wa kiume jioni hiyohiyo, kitandani, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani. Mama na mtoto wanaendelea vizuri, alisema Bi. Milembe, ambaye pia alisema ufunguo sasa anao yeye.

Akizungumza garini kabla ya kuondoka kwenda Bariadi, Ndugu Maganga alisema kilichotokea hakiathiri ratiba, na kwamba Kamati ya Itifaki ya Salamu itakutana Jumanne, tarehe 8 Julai, kwa kikao cha maridhiano. Bi. Milembe, aliyealikwa papo hapo kuwa mjumbe, alisema hatahudhuria. Siku hiyo kuanzia saa mbili asubuhi ana kliniki ya wajawazito, chumbani.