Mursik Yangu Ilivyofungua Akaunti Kericho

Leo nimeaibika mbele ya benki nzima, tena nikiwa nimevaa kitenge kipya. Naandika sasa hivi kabla hamjasikia kwa watu wengine, maana Kericho ni ndogo na midomo ni mingi.

Kwa wale wasionijua vizuri: mimi ni Chelangat wa Chepseon, muuza mursik. Maziwa yangu nayalaza kwenye kibuyu kilichopakwa makaa ya mti wa senetwet mpaka yachache sawasawa. Sipendi kujisifu, lakini hakuna anayenishinda (haya, najisifu). Juzi hoteli moja ya Kericho mjini ilionja, ikakubali. Wanataka mursik yangu kila wiki. Mimi na hoteli! Nilianza kutembea kwa maringo mpaka ng'ombe wangu wakashangaa.

Kulikuwa na sharti moja tu. Asubuhi Madam Rose, anayenunua vitu vya ile hoteli, akanipigia simu.

"Mama Chelangat, sisi hatutumi pesa kwa simu ya mtu. Tunalipa kwa akaunti ya biashara, iko na jina ya biashara. Nipatie namba kabla ya saa kumi leo. Ukikosa, bosi amesema tuchukue ya yule wa Bomet."

Ya Bomet! Huko nina dada, nina shemeji, na nawapenda wote. Lakini mursik ya Bomet ikae kwenye meza iliyokuwa iwe yangu? Haiwezekani!

Nikachukua kitambulisho, pini ya ushuru na cheti cha jina la biashara, "Sotet ya Chelangat" (sotet ndicho kibuyu chenyewe). Nikachukua na chupa moja ya mursik. Kwetu huendi kuomba kitu kwenye boma la watu mikono mitupu, na benki ni boma tu, ila mlangoni wameweka askari. Chupa ilikuwa ya plastiki, mpya, na stika ya ng'ombe anayetabasamu. Chupa hizo nimezinunua kwa heshima ya hoteli. Nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote ili mursik isimwagike kwenye mkoba, nikateremka mjini.

Sasa mnielewe. Mimi sikuenda kuchaguliwa akaunti. Nilienda kuchagua! Watu wa benki wanapenda kukukalisha kwenye kiti laini ujione unasaidiwa, na kumbe pesa ni zako. Swali langu lilikuwa hili: siku ambayo sijauza kitu, hii akaunti inanikula namna gani?

Benki ya kwanza nikampata msichana mmoja wa kucha ndefu.

"Ni ada ya kila mwezi tu, mama. Ni kidogo sana."

"Na ng'ombe wakikauka?"

"Ada iko tu."

"Kwa hivyo ng'ombe amepumzika, mimi nimepumzika, nyinyi mnaendelea kukama?"

Nikamshukuru, nikatoka.

Benki ya pili haina ada ya mwezi. Nikafurahi. Kumbe ukiweka pesa wanakata, ukitoa wanakata, na kuna kiasi ambacho lazima kilale humo bila kuguswa. Mimi naweka kidogo kidogo kila siku, hao wangeninyonya kama kupe. Nikasimama. Yule bwana akaniita, "Madam, rudi tuongee!" Sikurudi. Nilijiona mtu mkubwa sana, nikivuka barabara juani na mkoba begani, chupa ikicheza humo ndani.

Benki ya tatu ndiko nilikokutana na Ouma. Kijana mpole, ametoka upande wa ziwa, hata mwezi hajamaliza Kericho. Shati jeupe pe, tai ya bluu. Nikamtupia lile swali langu.

"Siku hujauza, haikuli kitu," akasema. "Ada ya mwezi hakuna. Wateja wakilipa kwa simu, inaingia straight kwa akaunti. Tunakata tu ukitoa."

"Na hoteli ikiniwekea?"

"Hiyo ni bure."

Nikavua viatu chini ya meza kwa raha. "Kijana wangu," nikamwambia, "fungua."

Akaanza kuandika. Nikaliona jina la biashara yangu kwenye kompyuta ya benki, na machozi yakanilengalenga. Miaka yote ile nimeuza kando ya barabara nikinyeshewa, leo jina langu limeingia ndani, mahali pasipovuja. Nilifurahi jamani!

"Imebaki picha," Ouma akasema. "Angalia hapa kwa kamera, usitingishike. System iko slow leo. Ikiwa tayari itapiga yenyewe."

Tukangoja. Saa ya ukutani nayo ilikuwa inakimbilia kumi. Ouma akaiona chupa ikichungulia kwenye mkoba.

"Hiyo ndio mursik? Aki mimi sijawahi onja."

Yuko Kericho, na hajaonja! Hiyo ni aibu ya kaunti nzima. Nikamwambia alete kikombe. Akaleta, huku akiiangalia chupa kwa wasiwasi.

"Mbona iko na uchafu uchafu?"

"Uchafu gani! Hayo ni makaa. Ndiyo utamu wenyewe."

Sasa, mursik haimiminwi hivi hivi. Lazima uitikise kwanza makaa yachanganyike, kila mtoto wa Kipsigis anajua. Na kwenye kibuyu unatikisa unavyotaka, kwa sababu kifuniko cha ngozi kinapumua. Chupa ya plastiki haipumui. (Hayo ya plastiki nimeyajua leo.)

Nikatikisa. Nikatikisa kule kwa heshima, kwa kumtikisia mgeni. Nilisikia chupa imekuwa ngumu kama jiwe. Akili ikaniambia, Chelangat, ngoja. Nikaiambia akili inyamaze, nikazungusha kifuniko.

Paaa!

Kifuniko kilipita karibu na sikio la Ouma kikaenda zake. Mursik ikapanda mpaka dari, ikafikiria kidogo, ikashuka. Shati jeupe, kwisha. Tai, kwisha. Mama mmoja kwenye foleni akalala chini akiita Yesu. Askari akaja mbio, akateleza, akakaa. Na mimi nimeduwaa pale pale, macho nimefumba, mdomo wazi, maziwa ya kijivu yakitiririka kutoka kwenye nywele hadi kidevuni.

Hapo hapo kompyuta ikalia: klik.

"Futa hiyo!" nikasema kabla hata sijafumbua macho.

"Mama, haifutiki hapa," Ouma akasema akijipangusa. "Kubadilisha, ombi linaenda Nairobi. Watarudisha kesho. Ama kesho kutwa."

"Na akaunti?"

"Itangoja picha. Ama niendelee na hii."

Akanigeuzia kompyuta nione. Marafiki, nimewahi kupigwa picha mbaya, lakini ile haikuwa picha ya mtu. Ilikuwa picha ya ajali. Nikaangalia saa. Nikamwona yule wa Bomet akishusha chupa zake nyuma ya hoteli, akikaribishwa chai.

"Ouma, bonyeza."

"Mama, uko sure? Hii picha kila keshia ataiona. Kila siku."

"Bonyeza!"

Akabonyeza. Nikampigia Madam Rose papo hapo, mursik ikidondokea simu, nikamsomea namba kwa sauti ya mtu aliyevaa suti. Akasema, "Sawa, mama. Leta ya kwanza Jumatatu." Bomet, poleni sana!

Ouma naye akaramba midomo. "Lakini ni tamu," akasema. Huyo nimemsamehe yote.

Mngedhani imeisha hapo. Nikaenda chooni, nikanawa uso vizuri, nikapanga foleni ili niweke pesa yangu ya kwanza. Keshia akaangalia kompyuta, akaniangalia. Akaangalia tena.

"Mama, pole. Hii picha haifanani na wewe."

"Ni mimi."

"Siwezi kusema ni wewe." Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mwingine. Wakajaa pale dirishani, vichwa vimeinama pembeni kama kuku walioona nyoka. Mwishowe yule mkubwa wao akaniomba, kwa adabu sana:

"Mama, hebu fumba macho. Sasa fungua mdomo. Wazi kabisa."

Foleni yote ilikuwa inaangalia. Ningefanyaje? Nikafumba macho, nikapanua mdomo.

"Ni yeye!" wakapiga kelele pamoja, na benki nzima ikapiga makofi, hata yule mama aliyelala chini.

Kwa hivyo tafadhali, msinicheke. Na wewe uliyeshindwa kujizuia, agiza mursik kwanza, ndipo ucheke kama mteja.