Posa kwa Mchuzi wa Kijapani

Jumanne, 13 Januari 2026

Nimeipata! Nimeipata njia ya kumwoa Hidaya!

Shangazi yake, Bi Time, mpishi katika nyumba moja Abu Hamour, hapa Doha, anakwenda Tanga likizo Jumapili. Jina atakalolitaja kwa kaka yake kule, babake Hidaya, ndilo litakalooa. Tunaomtaka Hidaya tuko wawili: mimi na Rashidi, dereva, ambaye kwa bahati mbaya nalala naye chumba kimoja hapa Najma, kwa Nassoro na mkewe. Rashidi ana pilau lake. Kila Ijumaa watu wanalamba vidole, mimi naosha sufuria. Basi, yatosha! Ijumaa hii nimewaalika Bi Time na Hidaya chakula cha mchana. Nitawapikia nabe, mchuzi wa Kijapani wa samaki, kamba, ngisi na kome. Nimeuona kwenye video leo nikiwa zamu ya ulinzi The Pearl. Mara tatu! Bila sauti, msimamizi asisikie. Sauti ya nini? Macho ninayo.

Jumatano, 14 Januari

Nimenunua mwani mkavu. Supu yao huanzia hapo. Nassoro, Mpemba yule, kacheka mpaka kakaa chini. Kasema dada zake wanalima mwani, wanauuza kwa magunia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuutia mdomoni. Akauliza kama kesho nanunua mchanga. Wivu tu.

Wajapani hutia na pombe ya mchele. Astaghfirullah! Nitatia maji ya ukwaju.

Alhamisi, 15 Januari

Soko la samaki! Nimepata chewa, ambaye hapa wanamwita hamuri, mnene kama mtoto wa tajiri. Nimechemsha mwani kwa majaribio. Nyumba nzima ikanuka pwani. Rashidi kafungua dirisha, kaniuliza kwa upole kama nahitaji msaada. Upole huo naujua! Nimemruhusu apike wali wa nazi, basi. Mpishi mkuu lazima awe na msaidizi.

Ijumaa, 16 Januari

Siku yangu! Baada ya swala wageni wakafika. Busati limetandikwa, jiko dogo la gesi katikati, supu inatokota. Pembeni sinia: samaki mbichi nimempanga kama maua, kamba na maganda yao, kabichi. Kwenye video ndivyo wanavyokula. Kila mtu anachagua chake, anakitia chunguni, anasubiri, anacheka.

Wageni wakatazama sinia. Nikamkaribisha Bi Time achague kipande akipendacho, ajipikie.

Lo!

Bi Time akauliza kwetu ni wapi, ambako mgeni hualikwa akapewa samaki mbichi. Akasema wiki nzima anapika kwa tajiri wake, leo kavaa buibui jipya aje kula, anakuta jiko limewashwa linamngoja yeye! Nikamweleza kuwa Japani hiyo ndiyo raha yenyewe. Akasema basi nikapose Japani.

Hidaya akainama, mabega yakimtikisika. Nikadhani analia kwa ajili yangu. Kumbe anacheka.

Bi Time akakunja mikono ya buibui. Mwani akautupa. Akaagiza tui, bizari, ndimu, pilipili. Rashidi alikuwa navyo vyote, tena karibu! Punde si punde ukawa mchuzi wa nazi wa nyumbani kabisa. Mtamu, jamani! Nimekula sahani tatu huku roho inaniuma. Bi Time akasema wali wa Rashidi umetulia kama mpishi wake. Hidaya akampakulia Rashidi. Mimi nilijipakulia.

Jumamosi, 17 Januari

Bi Time kapiga simu asubuhi. Kasema kwa adabu kwamba Tanga atapeleka jina la Rashidi, na mimi ananiombea heri. Imeniuma, sifichi. Nimelala kifudifudi, chai sikunywa.

Kisha akili ikanirudia! Kosa nimeliona, nalo ni dogo kabisa: moto. Kilichomuudhi Bi Time ni kuambiwa apike. Sasa nimegundua Wajapani wana chakula kingine, samaki analiwa mbichi vilevile alivyo, mgeni hapiki chochote! Tena hakuna hata pilipili ya kumuunguza. Jodari nimeshanunua. Bi Time bado hajapanda ndege, na mtu hawezi kusafiri na njaa.

Kesho namwahi uwanja wa ndege na sinia.