Mke wa Pili Niliyeletewa na Mahubiri

Mangobo, Kisangani, Oktoba 1964

Kwa Papa Pasta Timothée, mchungaji wetu,

Amani ya Bwana ikae nyumbani kwako. Kwangu haina tena pa kulala. Mimi Hubert, seremala wa mabenchi ya kanisa (lile linaloyumba nalijua), naleta malalamiko yangu kwa heshima zote.

Kwanza. Ulihubiri kwamba mtu huokolewa kwa imani, si kwa matendo. Hakuna aliyefurahi kama mimi. Imani ninayo, matendo yananiumiza mgongo.

Pili. Jioni ileile ukaniletea tendo mlangoni: Mama Simone, mjane wa karani, na watoto wanne, maana waasi waliochukua mji wanazisaka familia za makarani. "Siku mbili tu, ndugu yangu." Bon, leo ni wiki ya tano. Mke wangu Émilie amewapa kitanda chetu. Mimi nalala chini ya meza ya kazi, naamka na maranda kwenye ndevu.

Tatu. Vijana wenye bunduki walipouliza huyu mama ni nani, imani yangu ilinyamaza, mdomo ukasema: "Bibi yangu wa pili." Jirani yangu Asumani, Mwislamu asiyedanganya hata sokoni, akadakia kwamba alikula pilau ya arusi. "Tena nyama ilikuwa kidogo! Tonton huyu iko mubahili!"

Nne. Sasa wazee wa kanisa wamenifungia Meza ya Bwana kwa kosa la wake wawili. Miaka ishirini sijakosa kikombe! Mama yangu analia kwamba nitazikwa bila wimbo. Na wewe unayejua ukweli unatazama dari. Donc nauliza: kama tendo jema haliwezi kuniingiza mbinguni, limewezaje kunitoa kanisani?

Tano. Jumapili hii tangaza kwamba Simone si mke wangu, kisha mje mumchukue na watoto wake. Nirudishiwe kitanda na mkate.

Nisalimie Mama Pasta na wazee wote, hata yule aliyeandika jina langu kwa furaha.

Ndugu yako niliye nje ya mlango,
Hubert

N.B. Wino haujakauka, vijana wamerudi. Wanataka ushahidi wa ndoa yangu. Sikuwa na karatasi nyingine ila barua ya wazee ya kunifungia, yenye muhuri wa zambarau. Wameisoma, wamecheka, wamenipa pole ya wake wawili, wamekwenda. Pasta, nakusihi, usitangaze kitu. Choma barua hii, na uwaombe wazee wanifungie mwaka mzima.