Ombi la Lenzi ya Kuwindia Fuko

Kwa Mzee Njau,
Mwenyekiti, Kamati ya Wakazi,
Gatongora, Ruiru.

Bwana Mwenyekiti,

MINTARAFU: LENZI NA ADAPTA ZA KUREKODI UWINDAJI

Natumaini wewe na Mama Wamboi hamjambo, na nyasi zenu zimeanza kushika tena. Ni mimi Boaz Sifuna, mtega fuko wenu. Mkutano wa Jumapili uliamua kwamba mikia ninayowaletea si ushahidi tena, kwa kuwa Bwana Kiama wa nyumba ya kona anadai mkia unaweza kutoka popote, hata Thika. Nisipoleta video ya kila fuko akinaswa, kazi apewe mtu wa sumu. Maneno hayo yaliniuma sana. Hata hivyo nimejaribu kutii, na haya ndiyo yaliyonipata.

1. Simu yangu haifai. Fuko hunaswa chini ya ardhi. Huku juu inaonekana fimbo ya mtego ikifyatuka tu, na Bwana Kiama ameshasema fimbo yoyote hufyatuka.

2. Nilimwendea Ndung'u wa Kahawa Wendani, mpiga video za harusi. Akaniazima lenzi ndefu, ile ya kumvuta bibi harusi kutoka mbali. Ili shimo liingie kwenye picha ilibidi nirudi nyuma, nikarudi, nikarudi, mpaka nikawa ndani ya sukuma wiki za jirani yako Maggie. Aliyoniambia Maggie nimeyafuta kwenye video.

3. Lenzi pana ilichukua mtaro, ua lote na suruali zako kwenye kamba. Fuko hakuonekana. Suruali zimetokea vizuri sana.

4. Lenzi ya karibu ndiyo yenyewe, hata masharubu ya fuko unayahesabu. Lakini haiingii kwenye kamera ya Ndung'u bila adapta, kile kipete cha kuunganishia, na adapta aliyonayo imelegea. Niliikaza kwa mpira wa baiskeli. Fimbo ilipofyatuka bila kunasa kitu, lenzi ikatumbukia shimoni, na fuko akaifukia. Ndung'u aliniuliza kwa upole, "Sasa Boaz, harusi ya Jumamosi nitashuti na nini?" Nilichimba mpaka jioni nikaipata, ila nilimwonea huruma.

5. Kwa hivyo naomba kamati ininunulie lenzi ya karibu, iliyo kali kuliko zote, na adapta inayoikaa sawasawa. Pia taa ndogo ya kuingia shimoni. Siku ya kurekodi watoto wasicheze mpira, magari yasiingie, na choo cha plot kisivutwe maji, maana fuko akishtuka harudii. Na kwa kuwa Bwana Kiama haamini mtu, yeye ndiye ashike taa, akiwa amelala kifudifudi.

Mzee, nina watoto wa shule, na jina langu ndilo linaloniletea kazi. Kule Kimilili baba yangu alitega fuko maisha yake yote na hakuna aliyemdai sinema.

Wasalimie wanakamati wote, Bwana Kiama pia. Mke wangu Wilkister anawasalimu.

Wako katika uwindaji wa haki,
Boaz Sifuna

Tanbihi: Wilkister ameisoma barua akasema nikusihi lenzi isiwe kali sana. Huyu fuko tunayemfuga kwa ajili ya kurekodi ana doa jeupe puani, na watu wakimwona vizuri kwenye video ya kwanza, watamtambua kwenye zile zingine.