Kuhusu Mwanangu Kurudishwa Nyumbani Kabla ya Giza

Mithika M'Riungu,
Nyuma ya kiwanda cha kahawa,
Githongo.

Kwa Bwana Khalifa,
Meneja, Ghala la Nguzo Nne,
Meru mjini.

Bwana Meneja,

Nakusalimu kwa heshima, na nakuomba usome hii ukiwa umeketi, maana barua ni ndefu. Mimi niliachia shule darasa la nne na kufupisha kulikuwa kunafundishwa darasa la tano. Mimi ndiye baba wa Riungu, karani wako wa stoo, yule mrefu anayeinama akiingia mlangoni hata kama mlango unamtosha. Hajui nimekuandikia. Ukimwambia nitakana, na mwandiko nitasema ni wa Ndwiga.

Ndwiga ni rafiki yangu. Ni mtu wa Embu aliyekuja kuoa hapa Githongo miaka arobaini iliyopita akasahau kurudi kwao. Nitamtaja tena kwa sababu ni shahidi, na pia kwa sababu ameumia.

Kwa miaka tisa, Bwana Meneja, Riungu alikuwa mfanyakazi mzuri. Aliondoka hapa jogoo wakiwa bado wanasafisha koo na akarudi wenye akili wamelala. Jumapili alikuwa huko kwako akihesabu sabuni. Krismasi alikuwa akihesabu unga. Siku tuliyomzika mama yake, mwaka juzi, simu ya ghala ilimpata mara mbili akiwa kando ya kaburi, na mara ya pili akaenda kuwafungulia stoo. Sikumlaumu. Funguo zilikuwa kwake. Wewe mwenyewe ulikuja wiki iliyofuata kutupa pole na mfuko wa mchele, na nakushukuru, ulikuwa mchele mzuri.

Nyumbani tulizoea. Mke wake Kagwiria aliendesha boma jinsi alivyotaka, na mimi niliendesha siku yangu jinsi nilivyotaka. Tukitaka kujua kama Riungu yuko, tuliangalia msumari: koti likiwepo, yuko. Mjukuu wangu Kinya, mwenye jina la marehemu bibi yake, alifika miaka saba akimwita baba yake "yule wa koti". Hiyo ndiyo ilikuwa familia yetu na ilikuwa na amani.

Kisha mwezi wa tatu ukaenda semina Embu. Ndwiga anasema Embu isilaumiwe, huenda mwalimu wa semina alitoka nje. Ukarudi ukawakusanya wafanyakazi ukawaambia wanafanya kazi masaa mengi mno, kwamba maisha yao yameegemea upande mmoja kama punda aliyefungwa mzigo na mtu mwenye haraka, na kwamba kuanzia siku hiyo ghala linafungwa saa kumi na moja jioni, kila mtu aende akakae na watu wake. Hapo sina neno. Ungeishia hapo ningekuombea.

Lakini ukaongeza fomu.

Ninayo hapa mbele yangu. Kisanduku cha kwanza ni saa ya kufika nyumbani. Cha pili ni jambo mlilofanya pamoja. Cha tatu ni neno la upendo lililosemwa, na jibu lake. Cha nne ni alama, moja hadi kumi. Chini kabisa kuna sahihi ya mtu wa familia aliyepita miaka kumi na minane. Kinya ana saba. Kagwiria alisema ana ng'ombe wa kukamua na sufuria mbili motoni, na kama kuna mtu katika boma hili ambaye hana kazi, yuko pale kwenye kiti chenye mto. Kiti hicho ni changu. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mbwa. Tuna mbwa anaitwa Chifu (jina alipewa kabla ya chifu wa sasa kuapishwa, kwa hivyo hakuna ubaya). Chifu alimjua Riungu kama mlio wa pikipiki na taa moja inayopanda kilima gizani. Jioni ile ya kwanza alipoingia boma kwa miguu, jua likiwa bado liko juu ya migomba, akitabasamu, Chifu alifanya kazi yake. Alimshika mguu wa kushoto. Kisanduku cha pili tuliandika: kwenda kliniki kudungwa sindano. Nilimpa alama nne, kwa sababu safari yenyewe haikuwa mbaya.

2. Wakati wangu. Tangu nistaafu kuvuna kahawa ya watu wengine, mimi hushuka sokoni saa kumi na mbili jioni kucheza drafti na Ndwiga kwa vifuniko vya soda, mlangoni pa hoteli ya Wambeti. Hakuna aliyenipeleka semina. Niliipata mwenyewe. Siku ya pili Riungu akatangaza kwamba jambo letu la pamoja litakuwa kunisindikiza matembezi. Tulipofika, Wambeti akaniletea chai yangu bila kuulizwa, na bila kuulizwa akatia vijiko vinne vya sukari, kama kawaida. Bwana Meneja, daktari aliniambia niache sukari mwaka juzi, na Riungu alikuwa anaamini nimeacha. Alikuwa anaamini kwa sababu hakuwa na nafasi ya kuangalia. Sasa nakunywa chai kama ile ya kumpa mgonjwa wa tumbo. Mbaya zaidi, alisimama nyuma yangu akitazama mchezo, kisha akatoa simu akasoma kwamba katika drafti ukiweza kula ni lazima ule. Sisi sheria yetu ilikuwa kwamba mtu mzima halazimishwi kula. Ndwiga amegundua kwamba ushindi wake wote wa miaka arobaini ulikuwa wa uongo. Siku tatu hakuonekana sokoni. Ndiyo maana nimesema ameumia.

3. Kile kisanduku cha upendo. Siku ya nne Riungu alisimama mbele ya kiti changu, akashika fomu kwa mikono miwili kama mtu anayesoma somo kanisani, akasema, "Baba, nakupenda."

Kwetu mwana wa kiume akitoka jandoni tunamjengea nyumba yake kando, ili yeye na baba yake wawe wanasikiana wakikohoa tu, na hilo limetutunza kwa vizazi. Mwanamume wa miaka thelathini na sita akimwambia baba yake neno kama hilo, kuna mambo matatu: amefutwa kazi, amepimwa akaambiwa kitu, au ameuza shamba. Nikamuuliza ni lipi. Akasema hakuna, ni kisanduku cha tatu. Sikuamini. Kulipopambazuka nilizunguka mpaka wote wa shamba nikahesabu mashina ya kahawa, na yalikuwa yametimia, kwa hivyo nikajua ni ugonjwa. Nikamwambia Ndwiga peke yake. Kufikia saa nane mchana kina mama wa kanisa walikuwa wamejaa uani kwetu na kilo mbili za sukari ambazo siruhusiwi kuonja, wakimwombea Riungu uponyaji, na yeye yuko kwako ghalani mzima akipakua mafuta ya kupikia. Fomu inadai jibu la neno la upendo. Niliandika: "Nimesikia." Nimeandika hivyo kila siku tangu hapo.

4. Hii nimeianza mara tatu nikaikata. Nimeiacha wazi. Nitairudia nikipata maneno.

5. Ofisi imehamia jikoni. Mtu uliyemfundisha kuhesabu kwa miaka tisa hawezi kukaa na gunia la maharagwe jioni nzima asilihesabu. Wiki ya tatu Riungu alitundika kadi ya stoo kwenye mlango wa ghala letu dogo: kilichoingia, kilichotoka, aliyechukua. Kagwiria, aliyekuwa akipikia watu wa hapa kabla ya wewe kujua Embu iko wapi, alitakiwa kutia sahihi kikombe cha mahindi. Alitii siku moja. Siku iliyofuata saa mbili usiku sufuria ya githeri haikuwa na mahindi wala maharagwe. Kagwiria alikuwa ameketi ameweka mikono pajani, akatuambia kwamba mtoaji wa maharagwe hakuwa kazini wakati wa kuyaloweka, naye mpishi hana mamlaka ya kuyagusa. Tulilala na chai, na yangu haikuwa na sukari. Jioni hiyo fomu aliitia sahihi yeye. Alimpa alama mbili, na akaeleza kwamba moja ni ya kurudi na ya pili ni ya kunyamaza.

Na kuna mkutano. Kila Jumamosi tunafanya mkutano wa familia, na kumbukumbu zinaandikwa. Mkutano uliopita ajenda ilikuwa ng'ombe. Ng'ombe hakualikwa.

6. Hili ndilo kubwa, na nakuomba ufuate hesabu yangu polepole. Zamani Riungu alikuwa kazini masaa kumi na manne, yote kwako. Sasa yuko masaa manane kwako na masaa sita hapa, akiwa na kalamu. Manane na sita ni kumi na manne. Kwa hivyo yeye hajapunguziwa kitu. Aliyebadilika ni mimi. Nilikuwa na masaa sifuri, sasa nina sita kila siku, Jumamosi na Jumapili nina kumi na mawili, na tangu mwezi wa tatu sijapata siku ya kupumzika hata moja. Nimechoka jinsi Riungu alivyokuwa amechoka. Juzi nilisinzia nimeshika kijiko. Maisha yangu yalikuwa yamesimama wima miaka yote hii, Bwana Meneja, nawe umekuja kunyoosha ya mwanangu ukayainamisha yangu.

Kwa hivyo naomba, kwa unyenyekevu:

Kwanza, mrudishie Riungu masaa yake ya zamani. Kama si yote, basi mfungie huko hadi drafti iishe.

Pili, kama hilo haliwezekani, nikubali rasmi kuwa mfanyakazi wako nipewe likizo ya siku ishirini na moja. Likizo hiyo nitaipumzikia hapa hapa nyumbani, na Riungu atahama.

Tatu, kama hayo yote yamekushinda, andaa semina ya wazazi. Iwe Embu. Ndwiga atanionyesha njia, na tutakaa huko muda mrefu tukijifunza.

Nisalimie wafanyakazi wote wa ghala, hasa yule mlinzi aliyempa Riungu viazi vya kuniletea. Msalimie mama Aaliyah, mke wako, mwambie Kagwiria bado anangoja mbegu za dania alizoahidi mlipokuja kutupa pole. Kinya anakusalimu, ingawa hakujui. Ndwiga hakusalimu, bado ana uchungu. Chifu tumemfunga.

Ni mimi niliyelemewa na kazi,

Mithika M'Riungu
(Mtia sahihi, zamu ya jioni)

Baadaye: Barua hii ilikaa siku nne chini ya mto wa kiti kwa sababu Ndwiga alikataa kuileta mjini mvua ikinyesha. Imekuwa vizuri, maana ile nambari nne nimeipata.

Jana mvua ilitufungia ndani. Riungu hakuwa na jambo la kuandika kwenye kisanduku cha pili. Akakaa. Nami nikakaa. Kagwiria alikuwa akichambua maharagwe (kadi ya stoo aliitumia kuwashia moto wiki jana, na hakuna aliyeuliza) na Kinya alikuwa amemlalia baba yake kwenye ule mguu ulioumwa. Kisha Riungu akaweka fomu chini akauliza, "Mzee, mama alisema nini siku ile ya mwisho? Sijawahi kukuuliza."

Nambari nne ilikuwa hiyo. Kwamba miaka miwili hajaniuliza, na mimi sikuwa mtu wa kusema bila kuulizwa. Tulikuwa tunasikiana tukikohoa tu.

Nikamwambia. Mama yake hakusema jambo kubwa. Alisema Riungu awekewe githeri ifunikwe, maana atachelewa. Nilimwekea. Alikuja, akala, akaenda kulala, mama yake akafariki alfajiri, naye hakujua alikuwa amekula maneno yake ya mwisho. Sasa Riungu akaniuliza kama iliwekwa chumvi. Nikamwambia ndiyo. Tukaongea mengine mengi ambayo hayaingii kwenye kisanduku, na tulipotazama saa, Ndwiga alikuwa amekuja na vifuniko vya soda akasimama barazani, amelowa, akituchungulia. Sasa drafti inachezewa kwangu. Kula ni lazima. Ndwiga alishindwa mara tatu, na leo ameahidi kurudi.

Kwa hivyo ombi la kwanza lifute. La pili pia. La tatu Ndwiga ameomba libaki, lakini lifute. Ukimrudisha Riungu kwenye masaa ya zamani nitakuja hapo ghalani mwenyewe nilale mlangoni, na nitakuja na Chifu.

Fomu ya jana ataileta yeye mwenyewe. Mahali pa jibu sikuandika "Nimesikia". Ukifika hapo usisome kwa sauti mbele ya watu wa stoo. Na fomu zimebaki mbili tu, kwa hivyo mpe zingine aje nazo, na umwachilie mapema.