Malalamiko Kuhusu Moyo Usiopatikana Nyumbani

Kwa Mkuu wa Utafiti,
Mradi wa Bangili za Afya Zisizo na Waya.

Ndugu Mkuu,

YAH: KUHAMA KWA MOYO WANGU BILA RIDHAA YANGU

Kwa heshima na taadhima, nasikitika kukuarifu kwamba moyo wangu, ambao niliusajili kwenu kwa hiari na nikiwa na akili zangu timamu, hauko nami tangu Jumanne. Uko kwa shemeji yangu, ndani ya mkoba wa mke wangu, kati ya kitana na kopo la mafuta ya kujipaka. Mimi nimebaki na bangili.

Mimi ni fundi wa makochi. Shule niliiacha mapema, lakini kusoma sikuacha. Ukifumua viti vya watu kwa muda mrefu utakuta humo ndani magazeti, barua za mapenzi, maelezo ya dawa na vitabu vilivyopotea, na mimi vyote huvisoma kabla ya kumrudishia mwenyewe. Ninachokijua kuhusu mawimbi nilikipata chini ya mto wa kiti cha mwalimu mmoja wa fizikia. Kwa hiyo usidhani unaandikiwa na mtu asiyejua anachokilalamikia.

Nilijiunga na utafiti wenu kwa kupenda maendeleo, na pia kwa sababu daktari wa zahanati alisema presha yangu haina msimamo. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu simu. Mtafiti wenu mwenye miwani alikuja kazini kwangu akanivisha bangili mkono wa kushoto. Alieleza vizuri, sina neno naye. Bangili inasikiliza mapigo ya moyo kupitia ngozi na kuyarusha hewani. Nikiwa mtaani yanadakwa na kiboksi cheupe kilicho karibu, nacho kinayapeleka kwa mtandao kwenye simu ya mshiriki, popote ilipo. Nikiwa nyumbani simu inayadaka yenyewe. Kisha simu inayatuma kwenu. Shida ni kwamba simu yangu ni ya vitufe, haijui kupokea kitu zaidi ya lawama. Akauliza kama nyumbani kuna simu ya kugusa. Ipo, ya mke wangu. Basi moyo ukawa wangu, simu ikawa ya mke wangu, na hakuna aliyeiona hatari hapo, hata mimi niliyekaa kwenye ndoa muda mrefu kuliko mtafiti wenu alivyokaa duniani.

Aliyesita ni mke wangu peke yake. Mtafiti akamwambia, "Mama, ni programu ndogo sana, hata hutaiona." Akamjibu, "Mwanangu, vitu vidogo visivyoonekana ndivyo vinavyomaliza chaji." Lakini simu akaitoa.

2. Kuhusu maneno. Programu yenu inazungumza Kiswahili, na kwa hilo nawapongeza. Ila aliyeitungia maneno hajaoa. Bangili ikilegea isiguse ngozi, mtu mwenye mji wake angeandika "mapigo hayasomeki," mambo yakaishia hapo. Programu yenu inaandika: MOYO HAUPO. Na chini yake inataja mahali.

Sasa mimi nikifika nyumbani huilegeza bangili, kama wengine wanavyolegeza mkanda wa suruali. Matokeo yake ni kwamba kila jioni, mara tu ninapoketi, simu ya mke wangu inalia na kuandika: Moyo haupo. Nyumbani.

Siku ya kwanza tulikuwa mezani na mama mkwe, ambaye alikuja kututembelea ili kuhakikisha kama anayoyasema juu yangu bado ni kweli. Mke wangu akausoma ujumbe kwa sauti, akidhani umetoka kwa mtu. Mama mkwe akaomba urudiwe. Ukarudiwa. Akatafuna taratibu, akameza, akasema, "Miaka yote nikisema naambiwa nina chuki. Leo hata mashine imeona."

Nikampigia mtafiti wenu. Akasema, "Baba, kaza tu." Nimekaza mpaka vidole vikafa ganzi nikashindwa kushika sindano. Naomba ieleweke ofisini kwenu kwamba katika lugha hii, mtu akiambiwa moyo wake haupo nyumbani, dawa yake si kukaza bangili.

3. Kuhusu mahali. Hapa ndipo pabaya. Kiwanda changu kinatumia ukuta mmoja na chumba cha chai cha Mama Upole. Huyu ni mjane aliyepewa jina hilo na wateja kwa sauti yake ya chini, ambayo inakulazimu uiname ndipo uisikie. Kiboksi chenu cheupe mmekifunga kwake, na si kwangu, kwa maelezo kwamba kwangu kuna vumbi. Lakini mawimbi hayaheshimu ukuta. Naweza kushinda kwangu nikipigilia misumari, sijanyanyua hata mguu, na simu ya mke wangu ikaandika: Moyo umepatikana. Kwa Mama Upole. Baadaye kidogo: Moyo upo. Kwa Mama Upole. Umetulia.

Ndugu Mkuu, ni mgonjwa gani aliyewahi kupona kwa sababu ya hilo neno la mwisho?

Sikatai kwamba chai yangu naipata huko. Wala sikatai kwamba chai ya moto inataka subira. Lakini hayo ni mambo ya chai, hayahusiani na sayansi.

4. Kuhusu faragha. Niliahidiwa faragha kwa maneno mazito. Jina langu halitatajwa popote, nitaitwa Mshiriki Namba Arobaini na Moja. Taarifa zangu zitafungwa kwa kufuli la hesabu, hata mwizi wa ng'ambo akizidaka angani ataona vurugu tupu ya tarakimu, ahangaike nazo mpaka azeeke. Niliposikia hivyo nilijiona mtu muhimu.

Lakini nilipotulia nikajiuliza: mimi na mwizi wa ng'ambo tuna ugomvi gani? Hanijui. Hajawahi kuipinga posa yangu. Mtu ambaye sikutaka ajue habari za moyo wangu alikuwa upande wa pili wa meza, na simu ilikuwa inamwandikia kwa herufi kubwa. Mmefunga dirisha la barabarani kwa makufuli, na mlango wa jikoni mmeuacha unapiga upepo. Kuhusu ile namba ya siri, kinyozi wa mtaani, ambaye naye ni mshiriki wenu, hakuhitaji hata kalamu. Aliniambia, "Mimi ni wa arobaini, na wewe ulivishwa baada yangu. Au nimekosea hesabu?"

5. Kuhusu riziki. Mke wangu hakumwambia mtu. Mama mkwe, kabla ya kurudi kwake, alimwambia mtu mmoja tu, tena kwa siri, ndiyo maana habari zilifika mwisho wa mtaa kabla sijafungua mlango wa kazini. Asubuhi hiyo mama mmoja mwalimu alikuja kuchukua kochi lake ambalo nilikuwa sijalimaliza. Akasema, "Fundi, si kwamba sina imani nawe. Ila kochi nitalikalia mimi, na nasikia moyo wako haupo." Nikamfafanulia kitaalamu kwamba kwa mujibu wa mashine moyo wangu kazini upo, usipopatikana ni nyumbani. Akaufunika mdomo kwa mtandio. "Kazini, ndiyo," akasema. "Ukuta wa pili, ndivyo tulivyosikia." Kochi limeondoka na mguu mmoja pungufu.

6. Kuhusu Jumanne yenyewe. Nilirudi mchana kula nikamkuta mke wangu anakunja nguo na kuzitia kwenye begi. Nikaketi, nikalegeza bangili. Simu ikalia. Akaitazama, kisha akanitazama mimi, akacheka kicheko kifupi kisicho na meno. Akasema, "Basi, moyo ukirudi uuambie niko kwa dada." Akafunga zipu, akatia simu mkobani, akatoka.

Mimi nilidhani ni utani wake. Nilikula, nikarudi kazini. Ni jioni ndipo nilipojua kwamba si utani, kwa jinsi nyumba ilivyokuwa kimya hata nikasikia friji ikimeza mate. Begi lenye zipu, Ndugu Mkuu, si mkoba wa kwenda kusalimia. Huyu ni mwanamke ambaye hata tukigombana huenda chumba cha pili tu, tena akaacha mlango wazi ili nisikie anavyoninunia.

Tangu siku hiyo, nikiwa nyumbani, bangili inawaka taa nyekundu ikiitafuta simu yake. Inatafuta, inakata tamaa, inapumzika, inaanza tena. Sijapata kuona kifaa kilichonielewa kiasi hicho. Na hapa ndipo naomba wataalamu wako wote waache wanachokifanya wanisikilize: kazini kile kiboksi bado kinafanya kazi yake vizuri sana. Kwa maneno mengine, mke wangu akiwa huko kwa dada yake anapata habari za moyo wangu pale tu unapokuwa kwa Mama Upole. Ukiwa nyumbani peke yake, umekazwa barabara, unamsubiri, hakuna mtu duniani anayearifiwa.

Unaweza kuuliza kwa nini sijampigia. Simu yake sasa ni tawi la ofisi yenu. Sitaki mapigo yangu na kubembeleza kwangu vifike kwenu kwa wakati mmoja, mkavichora kwenye jedwali na kuvionyesha ukutani. Yeye amepiga, tena zaidi ya mara moja. Sikupokea. Kinyozi alinishauri kwamba mwanamume akipokea haraka anaonekana ana hatia. Yeye kinyozi anaishi peke yake, lakini ni mtu anayesikia mengi.

Kutokana na hayo, naomba kwa unyenyekevu mambo yafuatayo.

Kwanza, neno MOYO liondolewe kabisa kwenye programu. Semeni pampu. Hakuna mama mkwe atakayesononeka kwa kuambiwa pampu ya mkwewe haipo nyumbani, zaidi sana atashauri aitwe fundi bomba.

Pili, mama mkwe aandikiwe barua rasmi, yenye mhuri, inayothibitisha kwamba katika kipindi chote cha utafiti moyo wangu ulikuwapo nyumbani kikamilifu, ila mkanda ulikuwa umelegea. Mhuri uwe wa duara. Wa mstatili hauamini.

Tatu, ili haki itendeke, wewe mwenyewe Ndugu Mkuu uvae bangili, na habari za moyo wako zitumwe kwenye simu ya mama yake mke wako kwa muda utakaoona unafaa. Tutakapokutana tena tutazungumza kuhusu faragha kama watu wazima.

Nne, waume wote wa mtaa huu wavishwe. Sisemi hivi kwa ubaya. Mtu mmoja akiwa uchi ni aibu, mtaa mzima ukiwa uchi ni takwimu.

Tano, kiboksi cheupe kifungwe haraka nyumbani kwa shemeji, sebuleni, karibu na mahali anapolala mke wangu, na nguvu ya mawimbi iongezwe mpaka iweze kuudaka moyo wangu kutoka hapa nilipo na kuandika kwamba umepatikana huko. Najua mtasema mawimbi ya bangili hayafiki hata ng'ambo ya barabara. Watafiti ni ninyi. Tafiteni.

Sita, na hili ndilo kubwa. Kama mna bangili hata moja ya ziada, naomba avishwe mke wangu, taratibu, akiwa amelala, na taarifa zake ziletwe kwangu. Nitaazima simu ya kugusa kwa Mama Upole. Sihitaji mambo mengi. Sihitaji kujua anatembea hatua ngapi wala amelala vipi. Nataka kujua kitu kimoja tu, moyo wake uko wapi, na kama bado unapatikana. Naahidi kulinda faragha yake kwa uangalifu uleule mlionilindia mimi.

Nikimalizia, nisalimie watafiti wote, hasa mwenye miwani, na mwambie bangili sijaivua. Nisalimie mlinzi wa getini kwenu, na wanaofagia hizo ofisi, na yule aliyetunga maneno ya programu mpe salamu zake peke yake: mwambie aoe, kisha aisome upya kazi yake.

Ni mimi, ninayepiga ila sipatikani,

Mshiriki Namba Arobaini na Moja
(Jina nimelihifadhi kwa sababu za faragha. Mkifika mtaani ulizeni fundi wa makochi aliyekimbiwa na mke.)

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mke wangu amepita kuchukua blanketi na mito miwili. Ameikuta barua hii mezani, akaisoma yote akiwa amesimama. Ameuliza kwa nini sipokei simu. Dada yake aliteleza bafuni Jumatatu akavunjika mguu, na hana mtu wa kumwinua. Anasema aliniambia Jumatatu jioni, akaniambia tena Jumanne asubuhi. Mara zote mbili nilikuwa nimekaa hapahapa, na niliitikia.