Kadi ya Bwana Haigh Ifutwe

Kwa Mkuu wa Idara ya Usafiri,
Halmashauri ya Wilaya.

Mheshimiwa,

YAH: KADI YA BURE YA BW. CLIFFORD HAIGH

Natumaini u mzima. Mimi ni mjane mwenye kadi ya wazee ya kupandia basi bure, na ninaitumia kwa adabu: kabla ya saa tatu unusu asubuhi siigusi, maana sheria inasema kabla ya hapo hata mzee alipe nauli. Bw. Haigh, anayepandia kituo cha kabla ya changu, anaidhalilisha ya kwake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hana aendako. Anafika mjini Skipton, mwisho wa safari, hashuki, anageuza na basi lilelile. Nimeyashuhudia mwenyewe kila siku tangu Pasaka, kwenda na kurudi.

2. Anaweka kofia kwenye kiti cha pembeni yake, mtu asikae. Nikiingia anaiondoa na kupaza sauti: "Njoo mpenzi, nimekuwekea!" Najua huku Yorkshire hata muuza samaki hukuita mpenzi, lakini muuza samaki hakusogelei. Dereva badala ya kumkanya anacheka: "Haya, maharusi wametimia, twende zetu!" Nilitahayari mno.

3. Ananilisha. Mkate wake wa jibini na achari anaukata vipande viwili, kikubwa ananipa mimi. Nimelazimika kuacha kunywa chai nyumbani.

4. Kioo kikiingia ukungu anakifuta kwa mkono wa koti ili nione kondoo. Kondoo ni walewale.

Mheshimiwa, kodi za watu si za starehe. Tukiachia wazee wafurahi hivi hivi bila shughuli, wilaya itaishia wapi? Kadi hiyo ifutwe, na kila mzee aulizwe mlangoni anakwenda wapi.

Wasalimie wote ofisini, na wa nyumbani kwako pia.

Wako mtiifu,
Winifred Sugden (Bi.)

Tanbihi: Jana sikuwahi kuitia barua hii posta. Leo Bw. Haigh hakuwapo. Dereva anasema alimsubiri kituoni mpaka abiria wakanung'unika. Niliweka mkoba wangu kwenye kiti chake hadi Skipton, na kurudi. Kama mmemfutia kadi kabla hata sijaomba, huo ni uonevu. Mrudishieni, mchukue yangu. Kama si ninyi, tafadhali niulizieni amelazwa hospitali gani, maana kwake sikujui, na ni basi gani linalofika huko kabla ya saa tatu unusu. Nauli nitalipa.